Kanuni zinapogongana: jibu kwa anayejenga mfumo mdogo wa kutambua hitilafu

Swali. Ninajenga programu ndogo ya kumsaidia mwenye gari kutambua kwa nini injini ya petroli haiwaki. Fundi mmoja mwenye uzoefu amekubali kunieleza anavyofanya kazi, na hadi sasa nimeandika kanuni kama arobaini za aina ya «kama… basi…». Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, lakini sasa programu inatoa majibu mawili yanayopingana, na inauliza mambo yasiyohitajika tena. Kwa mfano, kanuni moja inasema kwamba stata isipozungusha injini, basi betri imeisha. Nyingine inasema kwamba stata isipozungusha injini huku taa zikiwaka vizuri, basi stata ni mbovu. Je, niongeze asilimia za uhakika ili programu ichague? Na nitumie lugha ya kawaida ya programu au chombo maalumu?

Jibu. Ndugu msomaji, asilimia hazitakusaidia hapa, na nakushauri uziweke kando mpaka nitakapozirudia. Kanuni zako mbili zinagongana kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na uhakika hata kidogo. Ya kwanza ni kwamba maneno «taa zikiwaka vizuri» hayajafafanuliwa. Ya pili ni kwamba kanuni zote mbili zinaruka kutoka kwenye kile mtu anachokiona hadi kwenye kifaa kilichoharibika, bila kupita katika hatua yoyote ya kati.

Tuanze na taa, kwa kuwa hapo ndipo mifumo midogo mingi inapopotea bila mwenyewe kujua. Taa za mbele za gari dogo hutumia ampea chache, takriban kumi kwa zile za balbu za kawaida, ilhali stata huvuta ampea mia moja na zaidi inapozungusha injini. Betri iliyochoka inaweza kabisa kuwasha taa zikapendeza, kisha ishindwe kuisogeza stata. Kwa hiyo mtumiaji akiulizwa «je, taa zinawaka vizuri?» atajibu «ndiyo» kwa uaminifu mkubwa, na programu yako itailaumu stata isiyo na kosa. Muulize fundi wako, naye atakwambia kwamba haangalii taa peke yake. Huziwasha, hugeuza ufunguo kama anayetaka kuliwasha gari, na kutazama kinachotokea katika sekunde ile. Zikififia sana, umeme unavutwa lakini hautoshi: betri imechoka, au vichwa vya betri vimelegea na kushika kutu, au stata imekwama. Zikibaki na mwanga ule ule, umeme haufiki kabisa kwenye stata: pengine ni relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), waya, solenoidi (swichi ya umeme ya stata yenyewe), au gia ya otomatiki ambayo haiko kwenye P (kuegesha) wala N (huru). Zisipowaka tangu mwanzo, tatizo liko nyuma zaidi. Swali ni lile lile la taa, lakini sasa lina majibu matatu badala ya mawili, na kila jibu linaelekeza upande wake. Hujaongeza kanuni hata moja, na mgongano umekwisha kupungua.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa kanuni, pitia kila jambo unalomuuliza mtumiaji na ulipime kwa kigezo kimoja: watu wawili wasio mafundi, wakisimama mbele ya gari lile lile, watatoa jibu lile lile? Kama hapana, swali liandikwe upya mpaka liwe hivyo. «Sauti ya stata si ya kawaida» halifai. «Ukigeuza ufunguo unasikia mlio mmoja tu wa tak, milio mingi ya haraka, au kimya?» linafaa, tena lina thamani kubwa, kwa sababu milio ya haraka kwa kawaida ni dalili ya umeme hafifu, wakati mlio mmoja huelekeza zaidi kwenye solenoidi au stata yenyewe. Pia usiulize jambo ambalo kulipima ni hatari. Kupima cheche za plagi karibu na mvuke wa petroli si kazi ya kumpa mtu asiyejua. Mfumo ukifika mahali ambapo hauwezi kuendelea bila kipimo hicho, useme wazi kwamba hatua inayofuata ni ya fundi.

Sasa tuje kwenye hatua ya kati. Mtaalamu haendi moja kwa moja kutoka dalili hadi kifaa. Kwanza hujiuliza tatizo liko eneo gani: je, stata inazungusha injini? Ikiwa haizungushi, ni suala la umeme wa kuwashia. Ikiwa inazungusha kwa kasi ya kawaida lakini injini haishiki, basi umeme wa kuwashia ni mzima, na kilichobaki ni cheche, mafuta, au mgandamizo ndani ya silinda. Mgawanyo huu wa maeneo unapaswa kuonekana katika hazina yako ya maarifa, yaani mkusanyiko wa kanuni zako, tena kwa majina. Nitakuandikia kipande kidogo ili uone umbo lake:

KANUNI U1
KAMA stata_inazungusha = hapana
NA taa_ufunguo_ukigeuzwa = zinafifia
BASI hali_ya_umeme = hautoshi

KANUNI U2
KAMA stata_inazungusha = hapana
NA taa_ufunguo_ukigeuzwa = hazibadiliki
BASI hali_ya_umeme = haufiki_kwenye_stata

KANUNI H4
KAMA hali_ya_umeme = hautoshi
NA vichwa_vya_betri = vimelegea_au_vina_kutu
BASI hitilafu = muunganisho_wa_betri

KANUNI H7
KAMA hali_ya_umeme = haufiki_kwenye_stata
NA aina_ya_gia = otomatiki
NA gia_iko = si_P_wala_N
BASI hitilafu = gia_haiko_mahali_pake

Angalia kwamba H4 na H7 haziwezi kutoa majibu kwa pamoja, kwa sababu *hali_ya_umeme* ina thamani moja tu kwa wakati mmoja. Huhitaji kuandika katika kila kanuni ya stata sharti la kuikana betri, wala katika kila kanuni ya betri sharti la kuikana stata. Mpangilio wa ngazi umekufanyia kazi hiyo. Kanuni zako arobaini zikipangwa hivi, sitashangaa zikipungua hadi ishirini na kitu, maana sharti lililokuwa likirudiwa katika kanuni sita huandikwa mara moja tu, kwenye ngazi ya kati. Na kama fundi anatumia kipimo cha volti, namba nazo zigeuzwe kuwa maneno katika ngazi hiyo hiyo, mahali pamoja. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban 12.6, na ikionyesha 12.0 au chini ya hapo imekaribia kuisha. Mipaka hii ikitawanyika katika kanuni kumi, siku utakapotaka kubadilisha mmoja utasahau mingine.

Kuhusu namna ya kupata maarifa kwa fundi, nashuku kwamba ulimwuliza «kanuni zako ni zipi?» naye kwa heshima akakutajia. Mtaalamu akiulizwa hivyo husema yale aliyofundishwa alipokuwa mwanagenzi, ambayo si lazima yawe yale anayoyafanya leo. Njia yenye manufaa zaidi ni kumletea kisa. Chukua gari ambalo hitilafu yake imekwisha kujulikana, ficha jibu, mwambie tu «gari haliwaki», kisha umwache akuulize maswali huku wewe ukijibu kutoka kwenye maelezo ya kisa. Andika kila swali kwa mpangilio alioutumia, na baada ya kila jibu mwulize sasa anashuku nini na ameacha kushuku nini. Hilo la kuacha kushuku ndilo linalosahaulika sana, nalo ndilo linalokupa masharti ya kukanusha. Akitoa uamuzi, mwulize swali moja la mwisho: «ni jambo gani, kama lingekuwa tofauti, lingekufanya ubadilishe mawazo?» Visa kumi na tano vilivyofanywa hivi vitakupa zaidi ya mazungumzo ya wiki nzima kuhusu kanuni. Vihifadhi, kwa kuwa tutavihitaji tena.

Orodha ya majibu ambayo mfumo unaweza kuyatoa iandikwe mapema na ifungwe. Katika orodha hiyo pawe na «sikuweza kutambua, haya ndiyo niliyoyathibitisha, mwone fundi», na jibu hilo lisionekane kama aibu. Mfumo wa kanuni haujui mipaka yake wenyewe: ukiletewa gari la dizeli utajibu kuhusu plagi bila kusita, kwa hiyo maswali ya kwanza kabisa yawe ya kuhakikisha kwamba kisa kiko ndani ya mipaka uliyoiweka.

Sasa kuhusu maswali yasiyohitajika. Inaonekana programu yako inauliza maswali yote kwanza, kisha inapitisha kanuni. Utaratibu huo, wa kuanza na taarifa na kusonga mbele hadi kwenye hitimisho, unafaa pale ambapo taarifa zote zimekwisha kuwapo, kwa mfano vipimo vinavyoletwa na mashine. Kwa mazungumzo na mtu, anza kwenye hitimisho na urudi nyuma. Programu inataka kujua *hitilafu*. Inatafuta kanuni zinazohitimisha *hitilafu*. Inachukua ya kwanza na kuona inahitaji *hali_ya_umeme*. Inatafuta kanuni zinazohitimisha hiyo. Inafika kwenye *stata_inazungusha*, ambayo hakuna kanuni inayoihitimisha, na hapo ndipo inapomuuliza mtumiaji. Jibu linahifadhiwa na haliulizwi tena. Sharti la kwanza la kanuni likishindwa, masharti yaliyobaki hayaguswi, kwa hiyo swali la gia ya otomatiki halitamfikia mtu ambaye stata yake inazunguka vizuri. Kazi yote hiyo ni kipande kimoja cha programu (fanksheni) kinachojiita chenyewe, kisichozidi mistari michache.

Kuna tahadhari moja katika utekelezaji huo ambayo ni ndogo kwa maandishi lakini kubwa kwa madhara. Kila jambo lina hali nne, si mbili: ndiyo, hapana, mtumiaji hajui, na bado halijaulizwa. Programu nyingi za wanafunzi huchukulia kwamba lisilojulikana ni «hapana», na kuanzia hapo kanuni yenye sharti la kukanusha hupita bila ushahidi wowote. Mtumiaji anayesema «sijui kama plagi zina unyevu» hajasema kwamba plagi ni kavu. Plagi kavu baada ya kuzungusha stata kwa muda humaanisha mafuta hayafiki, na plagi zilizolowa humaanisha mafuta yanafika lakini hayaungui, au yamezidi. Kulichukua «sijui» kama jibu mojawapo ni kumtuma mtu kubadilisha pampu ya mafuta ambayo ni nzima.

Mpangilio wa masharti ndani ya kanuni ndio unaoamua mpangilio wa maswali, basi uupange kwa makusudi. Yatangulie yale yasiyogharimu kitu na yanayogawa visa vingi: kusikiliza, kutazama, kunusa. Yafuate yanayohitaji kufungua boneti, na ya mwisho yawe yanayohitaji kifaa. Hakikisha pia kwamba programu inaweza kujibu «kwa nini unaniuliza hivi?» kwa kuonyesha kanuni inayoishughulikia. Ukiwa umejenga kwa kurudi nyuma, jibu hilo unalipata karibu bure, kwani kanuni iliyosababisha swali iko mkononi. Watumiaji wako huenda wasiliulize kamwe. Wewe na fundi mtaliuliza kila siku mnapokagua.

Narudi kwenye asilimia. Mfumo uliofanya jambo hili lijulikane sana ni MYCIN, uliojengwa katika Chuo Kikuu cha Stanford katika miaka ya 1970, kazi iliyoongozwa na Edward Shortliffe, kwa ajili ya kutambua maambukizi ya bakteria katika damu na utando wa ubongo na kupendekeza dawa. Ulikuwa na kanuni mia kadhaa, ulifanya kazi kwa kurudi nyuma kama nilivyoeleza, na kila kanuni ilikuwa na kipimo cha uhakika kati ya −1 na 1. Kanuni mbili zikiunga mkono hitimisho moja kwa uhakika *x* na *y*, uhakika wa pamoja ulikuwa *x + y(1 − x)*. Fomula hii inapendeza: ushahidi huongezeka bila kuvuka 1, na mpangilio wa kanuni haubadilishi jibu.

Lakini tazama kinachotokea kwenye gari lako. Tuseme una kanuni kwamba taa zilizofifia zinaonyesha betri dhaifu kwa 0.6, na nyingine kwamba honi inayolia kwa unyonge inaonyesha hivyo kwa 0.5. Ukizijumlisha unapata 0.6 + 0.5 × 0.4, yaani 0.8. Uhakika umepanda sana, na hata hivyo hujajua jambo jipya, kwa kuwa taa na honi zote zinakula volti zile zile; umeangalia kitu kimoja mara mbili ukakihesabu kuwa viwili. Fomula inafanya kazi vyema pale tu ambapo dalili hazitegemeani, na katika utambuzi wa hitilafu dalili hutegemeana karibu kila wakati. MYCIN ulivumilia udhaifu huo kwa sababu maamuzi yake hayakutegemea tofauti ndogo za namba. Wewe ukiweka 0.6 leo na 0.7 kesho ili kisa kimoja kipite, baada ya muda mfupi hakuna atakayeweza kueleza namba hizo zilitoka wapi, hata fundi mwenyewe.

Kwa mfumo wa ukubwa wako napendekeza maneno matatu tu: *hakika*, *inaelekea*, *inawezekana*. Kila kanuni ipewe moja na fundi mwenyewe, na hitimisho lichukue neno dhaifu kuliko yote lililotumika katika njia yake. Majibu mawili yakibaki, yaonyeshwe yote mawili, lenye neno lenye nguvu likitangulia, pamoja na kipimo kinachoweza kuyatenganisha. Mwenye gari atanufaika zaidi na «inaelekea ni betri, ukiichaji na gari likawaka, ndiyo» kuliko «betri 73%».

Mgongano mwingine ambao huutaji, lakini utakufikia, ni wa hitilafu mbili zinazoishi pamoja. Gari limeishiwa petroli au cheche. Mwenyewe anapiga stata tena na tena hadi betri inakufa. Anapofungua programu yako, stata haizungushi, taa zinafifia, jibu linatoka: betri. Jibu hilo ni kweli na halina faida, kwa kuwa akiichaji atarudi pale pale. Dawa yake ni swali la historia: «je, hapo mwanzo stata ilikuwa ikizungusha vizuri, kisha ikachoka kwa kujaribu mara nyingi?» Jibu likiwa ndiyo, mfumo useme betri ichajiwe kwanza, kisha uchunguzi uendelee kama wa gari ambalo stata yake inazunguka. Mafundi hulifanya jambo hili bila kulitaja, na ndiyo maana ninasisitiza visa badala ya kanuni.

Majaribio yawe ya aina mbili. La kwanza ni vile visa ulivyovihifadhi: kila ukibadilisha kanuni, programu ivipitie vyote yenyewe na kukuonyesha ni kipi kilichobadilika jibu. La pili linawezekana kwa sababu mfumo wako ni mdogo, na ni anasa ambayo mifumo mikubwa hainayo. Maswali sita yenye majibu matatu kila moja yanatoa michanganyiko 729. Maswali kumi yanatoa 59,049. Kompyuta inaimaliza yote kwa muda mfupi mno. Iambie itoe orodha ya michanganyiko isiyopata jibu lolote na ile inayopata majibu yanayopingana, kisha mkae na fundi mwitazame. Mingi haiwezi kutokea katika hali halisi, nayo mtaifuta haraka; ile michache itakayomfanya fundi anyamaze kidogo kabla ya kujibu ndiyo kanuni zako zilizokosekana.

Utunzaji wa baadaye hauna budi kufikiriwa sasa. XCON, mfumo uliotengenezwa na John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kwa ajili ya kupanga vipuri vya kompyuta za VAX za kampuni ya Digital, ulikua hadi kanuni maelfu, na kwa vile bidhaa zilibadilika kila mara, kanuni nazo zilipaswa kuandikwa upya bila kukoma. Huko Sydney, Paul Compton na wenzake, waliokuwa na mfumo wa kutafsiri vipimo vya tezi ya shingo, walifikia utaratibu unaofaa kuigwa: kanuni inayokosea kwenye kisa fulani haifumuliwi, bali huwekewa kanuni ya pekee chini yake, inayotumika tu pale ile ya juu ilipopita, na kisa kilichosababisha nyongeza huhifadhiwa pamoja nayo. Kwa hiyo andika kando ya kila kanuni namba ya kisa kilichoizaa. Kanuni isiyo na kisa itiliwe shaka.

Ikitokea siku moja ukapata kumbukumbu za mamia ya magari, zikiwa na dalili na hitilafu iliyothibitishwa, fikiria njia ya kuhesabu badala ya kanuni. Mwaka 1972 huko Leeds, Uingereza, de Dombal na wenzake walichapisha matokeo ya programu iliyotumia hesabu za uwezekano kutambua chanzo cha maumivu makali ya tumbo: katika wagonjwa 304 ilipatia 91.8%, wakati daktari mwandamizi alipatia 79.6%. Mafanikio hayo yalitegemea takwimu zilizokusanywa kwa uangalifu, na wewe kwa sasa huna takwimu, una fundi.

Kuhusu chombo, mbili zinastahili kutajwa. CLIPS, mfumo wa kuendeshea kanuni uliotengenezwa NASA katikati ya miaka ya 1980 na unaopatikana bila malipo, husonga mbele kwa asili yake, na nguvu yake ni kulinganisha kanuni nyingi na taarifa nyingi kwa haraka. Prolog, lugha ya programu iliyojengwa juu ya mantiki, hurudi nyuma kwa asili yake, na ukiifahamu itakufaa. Kama huifahamu, kwa kanuni arobaini tumia Python au lugha yoyote uliyoizoea, ila kanuni usizifiche ndani ya programu kama msururu wa «if». Ziweke kwenye faili la maandishi kwa umbo lile nililokuonyesha, lisomwe na programu inapoanza, ili fundi aweze kulichapisha, kulipitia kwa kalamu, na kukata mstari asioukubali bila wewe kuwapo.